Nyota ya shanga inajikunja, wavu haufiki tumbo la mpira: nisaidieni kabla ya Majilio

Binti_Mikindani

Hamjambo wote. Niko Mikindani, Mombasa, na mwaka huu nimeazimia mti wetu wa Krismasi uvae shanga nilizotunga kwa mkono wangu, pambo moja baada ya jingine. Nyumbani hatutumii mti wa plastiki. Baba huleta tawi la mvinje kutoka kwa jamaa zetu upande wa Kilifi wanaokata nguzo za kujengea. Ile ncha ya juu isiyofaa kuwa nguzo ndiyo inayokuwa yetu. Tunaisimamisha kwenye ndoo ya mchanga uliolowa, karibu na dirisha, na harufu yake ikienea sebuleni najua sikukuu imefika. Nyanya yangu macho yamepungua nguvu sana, kwa hiyo yeye mti huuona kwa vidole. Hupitisha mkono kwenye matawi akiuliza hiki ni nini na hiki ni nini. Ndiyo sababu nataka mapambo yenye kitu cha kushika, si karatasi za kung'aa.

Natengeneza aina mbili. Ya kwanza ni nyota bapa ya pembe sita, ya uzi na sindano tu. Ya pili ni mipira ya kioo ya sentimita 6, niliyoipata Mtaa wa Biashara, nataka kuivalisha wavu wa shanga. Shanga zangu zote ni za kioo, nambari 8: nyeupe, dhahabu, na zambarau kwa ajili ya Majilio. Uzi ninaotumia ni wa pamba, ule wa kushonea nguo.

Sasa shida zenyewe. Nyota naanza na shanga 6 nazifunga duara. Mzunguko wa pili natia ushanga mmoja katika kila nafasi, yaani 6. Wa tatu 6, wa nne 6. Nikifika wa tatu kingo zinaanza kuinuka, na wa nne pambo limeumuka kama kawa. Nikilegeza uzi linalala kidogo, nikiliachia linainuka tena.

Wavu wa mpira nimefuata mpangilio niliouona mtandaoni. Duara la juu ni shanga 24, kila ya tatu ni kona, kwa hiyo kona ni nane. Kisha vitanzi vya 5, halafu 7, 9 na 11. Nikimaliza vitanzi vya 11 wavu bado uko mabegani mwa mpira. Tumbo lote li wazi, na nikiuvuta chini unapanda tena juu.

Na la tatu ni kutu. Mwaka jana tulinunua nyota za waya na shanga barabarani. Mwaka huu nimefungua boksi nimekuta waya umepiga kutu na kitambaa nilichozifungia kimeingia madoa. Hiyo ni hewa yetu ya bahari ama ni waya wenyewe? Ningependa pia kutengeneza nyota chache kubwa za waya, lakini sitaki zioze kabla ya Krismasi ya pili.

Mwenye ujuzi anisaidie. Jumapili ya kwanza ya Majilio haiko mbali, na siku hiyo ndiyo tunayosimamisha mti.

---

Fundi_Mota_Tudor

Dada, la waya nalijua. Wengi wanaotengeneza haraka hutumia ule waya mweusi laini wa kufungia nondo. Ni chuma kitupu, hakikupakwa chochote. Ukiuweka Mombasa hata ndani ya kabati unapata kutu, kwa sababu chumvi ya hewani huvuta unyevu na kuushikiza pale pale juu ya chuma. Kwa hiyo ni hewa na ni waya, vyote viwili.

Nenda kwa fundi yeyote anayesuka mota na pampu upya. Umwombe waya wa shaba wa kusukia. Waya huo umepakwa vanishi tangu kiwandani, ili nyaya zinapolala pamoja umeme usiruke kutoka mmoja hadi mwingine. Vanishi hiyo hiyo itazuia hewa ya chumvi isiifikie shaba. Rangi yake ni ya kahawia yenye mng'ao, na kwenye mti inapendeza. Huuzwa kwa uzani, na vipande vifupi vinavyobaki fundi hana kazi navyo. Mhimili wa nyota chukua milimita 0.8, na wa kufungia milimita 0.3.

Mambo mawili. Usiukwangue wala usiuchome moto kutafuta rangi nyekundu ya shaba. Ukifanya hivyo umeondoa kinga, na moshi wa vanishi ni mbaya kwa kifua. Na pale unapokata, ncha inabaki wazi: itie tone la rangi ya kucha isiyo na rangi.

---

Mama_Pendo_FrereTown

Mwanangu Binti, swali lako limenigusa, maana mvinje ndio mti wangu pia. Mimi nakaa Frere Town, karibu na Kengeleni. Kazi ya shanga naifanya mwaka mzima, lakini miezi hii ya mwisho yote huenda kwenye mti wa kanisa na mti wa nyumbani. Nitakujibu kwa urefu. Weka shanga kando, usome kwanza.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: uzito. Wewe tayari una mti, basi mti ndio utakaokupangia mapambo. Msonobari wa bara una vijiti vigumu vinavyosimama. Mvinje vile vinavyoonekana kuwa sindano ni vijitawi vyembamba, laini, vinavyoning'inia. Pambo zito likifungwa kwenye ncha yake linateleza polepole, na asubuhi unalikuta sakafuni. Nyota ya shanga ikianguka huiokota. Mpira wa kioo ukianguka kwenye saruji umekwisha, na nyanya yako mwenye kutazama kwa vidole asikutane na vipande vile.

Chukua mizani ya jikoni upime unachotengeneza. Shanga za nambari 8 kama 40 hufanya gramu moja. Nambari 11, ambazo ni ndogo zaidi, huingia kama 110 katika gramu moja, na nambari 6, zilizo kubwa, kama 14 tu. Namba ikipanda ushanga unapungua. Anayeagiza kwa simu bila kujua hilo hushangaa akifungua pakiti. Nyota bapa nitakayokuonyesha ina shanga 60, yaani gramu moja na nusu. Mpira wako ukishavaa wavu na vishada utakuwa umebeba shanga mia tano na ushee, kama gramu 13, juu ya uzito wake wenyewe. Kwa hiyo tengeneza nyota nyingi na mipira michache. Nyota zitundike popote, hata nchani. Mipira ifunge ndani, karibu na shina, pale penye mti mgumu, uzi uuzungushe mara mbili kabla ya kufunga fundo. Wengine wataona mipira imejificha. Mimi naona vizuri sana: taa ikiwaka mpira ulio ndani hung'aa kutoka katikati ya majani.

Sasa nyota. Mikono yako haina kosa, hesabu ndiyo iliyopungua. Duara likitanuka ukingo wake unarefuka, na ukingo mrefu unataka shanga nyingi zaidi. Ukiupa 6 kila mara hauna pa kwenda ila juu. Kulegeza uzi hakusaidii kwa sababu shanga hazijaongezeka. Fanya hivi:

Mzunguko wa kwanza, 6, funga duara. Wa pili, ushanga mmoja katika kila nafasi, 6. Wa tatu, shanga mbili mbili katika kila nafasi, 12. Hapo ndipo ulipokosea hesabu, na hapo ndipo itakapolala. Wa nne, ushanga mmoja katika kila nafasi, na usisahau nafasi iliyo kati ya zile mbili zilizokaa pamoja: zitatoka 12. Wa tano ndio wa pembe. Nafasi moja tia shanga 3, inayofuata tia 1, tena 3, tena 1, mpaka umalize. Utapata ncha sita. Zile tatu tatu zikiwa za dhahabu na katikati pakiwa peupe, ni nyota ya kuweka juu ya hori la mtoto Yesu.

Kila ukimaliza mzunguko, kabla ya kuanza mwingine, pitisha sindano ndani ya ushanga wa kwanza wa mzunguko uliomaliza sasa hivi. Sisi tunaita kupanda. Usipopanda, uzi unabaki chini na nyota inakwenda mshazari. Na kinyume cha shida yako kipo pia: ukingo ukianza kucheza mawimbi, shanga zimezidi. Kwa hiyo ukikutana na mpangilio wowote mgeni, huhitaji kumwuliza mtu. Tazama ukingo. Ukiinuka, ongeza. Ukicheza mawimbi, punguza.

Wavu. Hapa nakuomba uchukue rula. Tunga shanga zako 10 kwenye uzi, zibane, upime urefu. Zangu za nambari 8 hutoka milimita 22. Zako zinaweza kupishana kidogo, ndiyo maana nasema upime zako. Mpira wa sentimita 6 tumbo lake lina mzunguko wa milimita 188. Gawa kwa kona nane: kila nafasi ni milimita 23.5. Kitanzi chako cha shanga 11 kina milimita 24. Unaona? Kikifika tumboni kinanyooka tu kutoka kona hadi kona, hakina hata kidogo cha kushukia. Wavu hushuka kwa sababu kitanzi ni kirefu kuliko nafasi yake na kinaning'inia. Mimi hukirefusha kwa theluthi moja au zaidi. Theluthi hapa inatufikisha milimita 31, na shanga 15 zinatupa 33. Hesabu iwe ya witiri siku zote, ili pawe na ushanga wa katikati wa kushikia kitanzi kinachofuata.

Kwa hiyo badala ya 5, 7, 9, 11, nenda 5, 9, 13, 15. Ukimaliza vya 15 utakuwa umefika tumboni barabara. Mpangilio ulioupata yaelekea ni wa mpira mdogo kuliko wako.

Ukifika hapo, usifunge chini. Kufunga chini kunataka urudi 13, 9, 5, na umeuongezea mpira uzito kwa sehemu ambayo hata haionekani sana. Acha vishada. Kila ushanga wa katikati wa vile vitanzi vya 15 uteremshe kishada cha shanga 20. Ukifika mwisho, ruka ule ushanga wa mwisho kabisa, rudisha sindano kupitia zile nyingine zote mpaka juu. Ule mmoja ndio utakaozuia kishada kisimwagike. Vishada vinane, na upepo wa kaskazi ukiingia dirishani vinacheza. Nyanya yako atavipenda hivyo.

Kwa nyota kubwa za waya, shukuru Fundi wa Tudor, waya aliokutajia ni mzuri mno. Kata vipande vitatu vya sentimita 10 vya milimita 0.8, vikutanishe katikati, visokote mara moja ili vishikane, uvipanue viwe mikono sita. Katikati uzungushe waya wa 0.3, ukipita juu ya kila mkono na kuuzungushia mara moja, mizunguko miwili mitatu, ili mikono isihame. Kisha kila mkono uvishe shanga kwa mpangilio mmoja. Mimi huanza na kubwa ya nambari 6 karibu na katikati, zikafuata za nambari 8 tatu, mrija mmoja (ule ushanga mrefu), tena tatu. Ncha iliyobaki ikunje kitanzi kwa koleo ya mdomo mwembamba. Nyota nzima ni gramu tatu hivi, hata mvinje hauoni kitu.

Niongeze hili, maana nalipenda. Katika Jamhuri ya Cheki kuna kijiji kiitwacho Poniklá ambako watu bado wanatengeneza mapambo ya mti wa Krismasi kwa shanga za kioo zilizopulizwa, na mwaka 2020 UNESCO iliiingiza kazi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wanapasha moto mrija wa kioo, wanaupuliza ndani ya kalibu utoke safu ya shanga, wanatia fedha kwa ndani, wanapaka rangi, kisha wanazikata na kuzitunga kwenye waya ziwe nyota na maumbo mengine. Ushanga uliopulizwa uko mtupu ndani, kwa hiyo hata nyota kubwa inabaki nyepesi. Hapa kwetu shanga tunazouziwa ni za kioo kizima. Basi wepesi sisi tuutafute kwa kuacha nafasi: wavu badala ya kufunika kote, mikono sita myembamba badala ya nyota iliyojazwa. Pambo lenye nafasi hupitisha mwanga, na mwanga ndio unaolipa uzuri.

Ukitaka kuona kazi iliyomalizwa vizuri, nenda Bombolulu. Karakana ile iko tangu 1969, mafundi wake ni watu wenye ulemavu, na mapambo ya mwili wanayotengeneza yana ncha na mafundo yaliyofichwa kwa uangalifu mkubwa. Tazama upande wa nyuma wa kila kitu. Huko ndiko fundi anakojulikana.

---

Kijana_wa_Bamburi

Mbona mnatumia pesa nyingi? Huku kwetu turituri zimejaa kwenye ua na vichaka. Nyekundu, jicho jeusi, zinang'aa zenyewe bila kupakwa. Unachemsha, unatoboa kwa sindano ya moto, unatunga. Rangi ya Krismasi kabisa, na ni bure.

---

Mama_Pendo_FrereTown

Mwanangu, nakushukuru kwa wazo, lakini nakuomba sana usilifuate, na wengine wanaosoma msilifuate. Mbegu za mturituri zina sumu kali. Zikiwa nzima ganda lake ni gumu, na mtu akimeza moja yaweza kupita bila kufunguka. Ukilitoboa umeifungulia sumu njia, na vumbi lake linakuingia vidoleni na machoni wakati unatoboa. Hakuna dawa maalumu ya kuipinga. Mti wa Krismasi unasimama usawa wa mikono ya watoto, na kitu chekundu kinachong'aa mtoto hukitia mdomoni kabla hujamwita jina. Nyumba yenye mtoto, hata wa mgeni, turituri zisiingie.

Ukitaka nyekundu na nyeusi zipo za kioo. Na hata hizo za kioo, mapambo ya chini ya mti yawe yale yasiyo na vishada, maana mtoto wa mwaka mmoja anavuta kila kinachoning'inia, na shanga zikimwagika zinaokotwa na kumezwa. Vishada viwe juu ya kimo chake.

---

Bi_Mkubwa_Kibokoni

Asalaam aleikum. Sikukuu si yangu, lakini shanga ni kazi yangu. Nashonea magauni ya harusi hapa Mji wa Kale, na uzi ndio unaoniletea chakula. Mama Pendo amesema kweli yote kuhusu turituri. Masonara wa Kihindi walizitumia kupimia dhahabu, zikiwa nzima, na hapo ndipo mahali pake.

Binti, uzi wako wa pamba uache. Tundu la ushanga wa kioo lina ukingo, na kila unapopitisha sindano mara ya pili na ya tatu uzi unasuguliwa. Pamba pia hunyonya unyevu wetu huu, hulegea, kisha huoza. Nyota yako inaweza kuvunjika ikiwa ndani ya boksi bila kuguswa na mtu.

Kwa nyota ya nambari 8 tumia nailoni iliyosokotwa. Uvute kwanza uzi kwenye kipande cha nta ya nyuki, mara mbili, ndipo uanze. Wauza asali wa mbugani na wa mikokoni huwa nayo nta, waulize. Nta huufanya uzi ushikilie shanga pale ulipoziweka, na wewe unataka nyota bapa, kwa hiyo huo mshiko unauhitaji. Kwa wavu wa mpira na vishada, mshipi wa kuvulia wa milimita 0.20 ni mzuri: hauozi, hauonekani, na vishada vinaanguka vyema. Shida yake ni fundo, linateleza. Funga mara tatu, vuta taratibu ukiwa umelilowesha kwa mate, kisha rudisha mkia ndani ya shanga tano sita kabla ya kukata. Usikate karibu na fundo.

Ile mirija mirefu aliyoitaja Mama, ncha zake ni kali kuliko shanga za duara. Kwenye waya haina neno. Kwenye uzi, kila mrija uwe na ushanga mdogo pande zote mbili, la sivyo utakata.

Sindano iwe ya shanga, nyembamba kuanzia ncha hadi tundu. Ya kawaida inapita mara moja na ya pili inakwama, ukiilazimisha ushanga unapasuka. Na kazi yako itandazie kitambaa chenye manyoya, taulo la zamani linatosha, shanga hazitabingirika. Mezani kwenye formaika na pangaboi likizunguka, utatumia nusu ya jioni ukiziokota.

---

Binti_Mikindani

Nimerudi. Mama Pendo, nimefumua nyota, mzunguko wa tatu nikatia mbili mbili, imelala bapa bila kushikwa. Nimemwekea nyanya mkononi akahesabu ncha mwenyewe: sita. Bi Mkubwa, mshipi nimepata kwa wavuvi, nta bado natafuta. Fundi, Mungu akubariki, nimepewa waya mwingi kwa bei ndogo.

Nina maswali mawili ya mwisho. Shanga zangu za dhahabu ni za kioo kinachopitisha mwanga, mng'ao uko ndani ya tundu. Zile za pakiti niliyonunua mwaka jana zimeanza kuwa nyeusi. Nizitumie? Na nyota kubwa ya uzi, nikitaka ikae ngumu bila waya, niipake gundi?

---

Mama_Pendo_FrereTown

Hizo ni za tundu lililotiwa fedha, na dhahabu unayoiona ni rangi ya kioo chenyewe juu ya fedha. Fedha inaposhikwa na hewa na unyevu inakuwa nyeusi, na hakuna cha kuifanya kwa sababu huwezi kuifikia kuisugua. Zilizokwisha kuwa nyeusi ziweke katikati ya vishada, huko haijulikani. Za pakiti mpya zitumie, lakini ukimaliza msimu uzihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usizifunge kwa gazeti. Mwaka mwingine ukinunua, chagua shanga ambazo rangi iko ndani ya kioo chenyewe, zile usizoweza kuona upande wa pili. Nyeupe ya namna hiyo haigeuki. Zambarau uzijaribu kabla ya kuzitunga, kwa sababu zambarau na waridi nyingi zimepakwa tu: ziweke chache kwenye pamba iliyolowa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ziache usiku mzima. Pamba ikiwa na rangi asubuhi, shanga hizo zitapauka karibu na dirisha.

Gundi nyeupe ya karatasi usiipake. Hapa kwetu haikauki ikakauka. Msimu wa mvua hulainika na kuvuta vumbi. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi, upande wa nyuma tu, tabaka jembamba, uache ikauke, kisha la pili. Jaribu kwanza kwenye ushanga mmoja, maana ukikuta ni plastiki iliyouzwa kwa jina la kioo, itayeyuka. Fanya dirisha likiwa wazi. Ukiona nyota bado inainama kwa sababu ni kubwa, ina maana inaomba waya, basi upe waya.

Na mpira wa kwanza ukiukamilisha, uweke kwenye mizani kabla hujaanza wa pili. Ukipita gramu 40, punguza vishada viwe na shanga 12 badala ya 20. Wavu usiuguse.